Daftari la Mchele

Kwetu Mizoram mawingu hulala chini ya nyumba.
Jogoo wa bondeni huwika ndani yake, haonekani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi
nilipita na gunia na daftari, mlango kwa mlango,
kupokea mchele wa Bwana.

Desturi ni hii: kabla sufuria haijainjikwa,
mama huchota konzi moja katika mchele wa mlo,
huitia katika kopo kando ya meko,
hufumba macho kidogo, kisha hupika.
Mchele huo huuzwa, na fedha humpeleka mtu
kwa wasiowahi kuisikia ngoma yetu.

Niliijua mikono ya kijiji kwa konzi zake.
Ya Pi Thangkungi ilibana vidole.
Pi Hmingi alichanganya chenga, akadhani sioni.
Pi Rozami, mjane, alipepeta kwanza, akachambua mawe.
"Kwa nini avunjike jino mtu nisiyemjua?"

Mwanawe Sangzuala alikuwa ametumwa,
mwaka wa nne sasa, kwenye nchi tambarare
ambako joto halilali hata usiku.
Barua yake ilisomwa kanisani:
*Ninaimba peke yangu. Mzee mmoja huja,
husikiliza, huondoka kabla ya sala.
Ngoma imepasuka. Niombeeni ngozi.*
Kina mama walicheka. Kisha wakaacha kucheka.

Wazee wa kanisa walibishana wiki tatu:
tuezeke paa, au tutume mtu wa pili?
Pu Lianzauva alisema, ibada kwanza,
nyumba inayovuja haimtumi mtu.
Pu Chhunga alisema, sifa tamu
isiyogawiwa huchacha.
Pi Rozami alikuwa akifagia. Hakuulizwa.

Halafu mianzi ikachanua.

Wenye mvi walinyamaza; waliwahi kuyaona maua hayo.
Mianzi ikichanua, panya huzaa.
Shamba la Pu Chhunga liliisha usiku mmoja,
mabua yamesimama kama watu walionyang'anywa.
Tukachimba viazi mwitu.

Na bado nilitumwa na gunia. Niliona aibu.
Shuleni tulikariri: haba na haba hujaza kibaba.
Mwaka ule haba yenyewe ilikuwa imeliwa.

Pi Rozami alinipa kopo. Tupu.
Lilikuwa limeoshwa, likaanikwa juani.
"Andika," akasema.
"Niandike nini?"
"Kila siku nimefungua mfuniko.
Nimetia mkono, nimefumba macho,
kisha nimechemsha viazi. Andika hivyo."
Safu zangu zilikuwa mbili: jina, na kilo.
Nikaandika sifuri.
Akaitazama kwa muda.
"Ikuze kidogo," akasema.

Jumapili ngoma ilipigwa. Tulizunguka kwa duara,
tukiimba taratibu, kama tunavyoimba sisi,
matone ya paa yakitudondokea katikati.
Pi Rozami aliingia akicheza, macho yamefumbwa,
mkono mbele, kiganja juu.
Nilikijua kiganja kile.
Nilikuwa nimekiona jikoni.

Machi barua ikafika.
*Mzee aliniuliza: huko kwenu wanakula nini?
Nikamwambia, mwaka huu, karibu hawali.
Akauliza: na wewe bado wanakulisha?
Sikuwa na jibu. Akaondoka, kama kawaida.
Asubuhi alirudi na ngozi ya mbuzi,
akakaa tukiiwamba, akakaa tulipoipiga,
akakaa hadi amina.
Hakusema kwa nini. Sijamuuliza.*

Paa tuliezeka miaka sita baadaye, kwa bati la mkopo.
Pi Rozami hakuliona.

Leo mimi ni mhazini. Hesabu ziko kwenye kompyuta,
na safu bado ni mbili.
Lakini daftari lile ninalo. Panya wametafuna kona.
Sifuri imebaki, kubwa kidogo kuliko tarakimu nyingine,
mviringo, kama kopo ukilichungulia kutoka juu,
au ngoma,
kabla mkono haujaigusa.